Sikio Lisiwe Hakimu



Kuna neno ambalo limerudiwa mara nyingi mno katika mazungumzo ya vikundi vya vijana, hapa Pweto na vilevile Lubumbashi, hata limekuwa kama kanuni isiyoulizwa: "Ni muziki tu." Husemwa kila mara mtu anapouliza kwa nini anime, yaani zile katuni za Kijapani mnazozitazama katika simu hadi usiku wa manane, huweza kumliza kijana, kumwinua moyo, na hatimaye kumfanya amsifu mhusika ambaye angemwogopa iwapo matendo yake yangesimuliwa kwa maneno makavu. Sisi walei tunaoandika ukurasa huu tunalipinga neno hilo. Katika anime, muziki ndio unaotoa hukumu ya kwanza kuhusu nani ni mwema na nani ni mwovu, nani anastahili machozi na nani anastahili kusahauliwa. Mtazamaji huitia sahihi hukumu hiyo kabla hajaisoma.

Wako pia baadhi ya wazee wetu, ambao tunawaheshimu na ambao leo tunawapinga vilevile. Hao husikia sauti za kwaya nzito zikitoka katika simu ya mjukuu, huona picha ya jini mwenye mabawa, na papo hapo hutamka kwamba ni kazi ya Shetani, simu ifungwe. Hawakuuliza kisa kinasema nini, wala kinaishia wapi. Pande hizi mbili hugombana nyumbani kila siku, lakini kosa lao ni moja. Kijana hupenda kwa sikio, mzee hulaani kwa sikio, na dhamiri, ambayo Mungu aliiweka ndani yetu ipime matendo, hubaki nje ya mlango ikingoja kuitwa.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Machozi yanayomtoka mtazamaji wa anime nayo yameundwa, tena kwa utaratibu wa kazi unaojulikana. Katika vipindi vingi vya televisheni vya Japani, mtunzi wa muziki hangoji picha zikamilike. Hupewa orodha: wimbo wa huzuni, wimbo wa vita, wimbo wa kumbukumbu za utoto, wimbo wa hatari inayokaribia. Hutunga, nyimbo hurekodiwa, kisha msimamizi wa sauti huchagua ni upi uwekwe juu ya tukio lipi, uanze wapi na ukatike wapi. Kwa hiyo huzuni ilikuwa imekwisha kuwekwa ghalani kabla mhusika hajafa. Hatusemi haya kwa kuudharau ufundi huo, kwani ni ufundi mkubwa. Tunayasema ili kijana ajue kwamba, pale anapodhani ameguswa na tendo, pengine ameguswa na uamuzi wa fundi aliyeketi mbele ya mitambo yake huko Tokyo.

Kaka zetu waliokua na katuni za Kifaransa wanao mfano ulio wazi. Saint Seiya, ambayo wao waliijua kwa jina la Les Chevaliers du Zodiaque, ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 1986. Huko ilifunguliwa kwa wimbo wa roki wa kundi la Make-Up, wenye magitaa makali na sauti ya kijana anayekwenda vitani. Ilipoingia Ufaransa mwaka 1988, katika kipindi cha watoto cha Club Dorothée, wimbo huo uliondolewa, ukawekwa mwingine wa Kifaransa ulioimbwa na Bernard Minet, mwepesi, wa kuimbwa na watoto waliotoka shule. Mashujaa walikuwa wale wale, na deraya zao zile zile. Lakini mtoto wa Japani aliingia katika kisa kupitia mlango wa msiba na ushujaa, na mtoto wa Ufaransa aliingia kupitia mlango wa mchezo. Asiyeamini kwamba muziki hupanga maoni yetu mapema, na atafakari jambo hilo: kubadili wimbo wa dakika moja na nusu kulitosha kubadili kile ambacho mtazamaji alikingojea.

Tuje karibu zaidi na siku zenu. Wengi mnaijua sehemu ya 19 ya Demon Slayer, iliyoonyeshwa mwaka 2019. Kijana Tanjiro anapigana na Rui, pepo wa buibui, na nguvu zimemwishia. Anamkumbuka marehemu baba yake na ngoma ya moto aliyoicheza kwa heshima mbele za Mungu wao. Dada yake Nezuko anajitoa kumwokoa. Hapo wimbo unaanza, uliotungwa na Go Shiina na kuimbwa na Nami Nakagawa, nao unaendelea hata majina ya watengenezaji yanapopita. Sehemu hiyo ilisifiwa ulimwenguni kote, na wengi waliokuwa wakiitazama katuni hiyo kwa kusitasita waligeuka wapenzi wake usiku ule. Sasa ifungeni sauti. Kinachobaki ni kijana mwenye upanga unaoelekea shingoni mwa adui, moto, na damu. Picha hiyo peke yake haitoshi kumwambia mtu alie au afunge macho. Wimbo ndio uliomwambia: hapa pana upendo wa mtoto kwa baba na wa kaka kwa dada.

Na katika mfano huu wimbo ulisema kweli. Upendo huo umo ndani ya kisa tangu mwanzo. Muziki ulikifunua tu kilichokuwapo. Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubaliana na wanaotaka kila katuni itupwe motoni. Muziki unaweza kuwa shahidi mwaminifu, lakini hata shahidi mwaminifu huulizwa maswali kabla hukumu haijatolewa.

Yupo shahidi mwingine. Death Note, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2006 na 2007, inasimulia habari za Light Yagami, mwanafunzi hodari anayeokota daftari lenye uwezo wa kuua. Akiandika jina la mtu huku akiukumbuka uso wake, mtu huyo hufa. Anaanza na wahalifu, na watu wanamshangilia na kumpa jina la Kira. Baadaye anaua wapelelezi waliokuwa wakitimiza wajibu wao, kisha yeyote anayesimama njiani mwake. Muziki wake, uliotungwa na Yoshihisa Hirano na Hideki Taniuchi, umejaa kwaya kubwa zinazofanana na za kanisani, na mojawapo ya nyimbo zake imepewa jina la Kyrie. Ninyi wanakwaya mnajua Kyrie ni nini. Ni kilio cha mwenye dhambi anayeomba ahurumiwe. Hapa jina hilo limevishwa hadithi ya mtu ambaye ameifuta huruma katika moyo wake.

Inawezekana kabisa kuusikiliza muziki huo kama kejeli: anayejidhania mungu amepewa nyimbo za mungu, ili mwenye akili auone upuuzi wake. Kisa chenyewe kinaelekea huko, kwa maana mwisho wa Light ni mwisho wa aibu. Lakini kejeli humfaidi anayefikiri. Anayesikiliza tu hubaki na ladha ya utukufu. Ndiyo maana, baada ya sehemu zote 37, bado wako vijana wanaosimama katika vikundi vyetu na kusema kwa moyo mkunjufu kwamba Kira alikuwa na haki, kwamba wezi na wauaji hawana dawa nyingine. Ukiwauliza hoja yao ni ipi, wanakusimulia tukio. Ukiwauliza tukio hilo lilithibitisha nini, wananyamaza, kwa sababu halikuthibitisha kitu. Liliimbwa vizuri tu. Ukipenda, chongo huita kengeza, na hakuna kinachofundisha kupenda upesi kama wimbo.

Mtu atatuambia kwamba tunatia chumvi, kwamba hayo ni michoro ya Japani na hayawahusu watu wa Ziwa Mwelu. Tunamjibu kwamba yanatuhusu sana. Katika miji yetu ya Kongo, mwizi anapokamatwa sokoni, umati hukusanyika haraka kuliko polisi. Mmoja hupaza sauti, wengine hupiga mbinja, jiwe la kwanza huruka, na tairi huletwa. Umati nao una sauti yake inayompandisha mtu damu na kumwambia kwamba anachokifanya ni haki. Hatudai kwamba katuni huua watu. Tunadai jambo dogo zaidi na la hakika zaidi: kijana aliyezoea kuiachia sauti imwamulie lililo jema hana zoezi lolote la kumsaidia siku atakaposimama ndani ya umati ule. Hakuwahi kujifunza kuuliza, katikati ya kelele, ni nini hasa kinachotendwa hapa, na kinatendwa kwa nani.

Turudi sasa kwa wazee wetu wanaoshtuka wanaposikia nyimbo takatifu mahali pasipo patakatifu. Mshtuko wao una sababu. Katika Neon Genesis Evangelion, ya mwaka 1995, kiumbe anayeitwa malaika anaishambulia akili ya msichana hadi inavunjika, na wakati huo wote unasikika wimbo wa Haleluya wa Handel, ule ule ambao kwaya zetu huuimba kwa fahari siku za sikukuu. Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa mwongozaji msaidizi wa katuni hiyo, alikwisha kueleza kwamba alama za Kikristo ziliwekwa humo kwa sababu zilionekana ngeni na za kuvutia, bila maana ya kidini. Basi mzee anayedhani ameuona mpango wa kuipinga Kanisa amekosea, na kijana anayedhani katuni hiyo ni takatifu kwa kuwa ina Haleluya amekosea vilevile. Wote wawili wamedhani kwamba wimbo huja na maana yake mfukoni, popote upelekwapo.

Hauji nayo, na ushahidi wa jambo hilo umetoka katika ardhi yetu ya Katanga. Mwaka 1958, katika misheni ya Kamina, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na kwaya ya wavulana na walimu iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, walitoa Missa Luba: maneno ya Misa kwa Kilatini, katika sauti na ngoma za watu wetu. Rekodi yake ilizunguka dunia. Mwaka 1964, Pier Paolo Pasolini, mwongozaji wa filamu wa Kiitalia ambaye hakuwa mwamini, alitengeneza filamu ya Injili ya Mathayo na kuitoa kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Ndani yake aliweka Gloria ya Missa Luba, na watazamaji wa Ulaya wakamtazama Kristu huku wakisikia sauti za vijana wa Kamina. Miaka minne baadaye, mwaka 1968, Mwingereza Lindsay Anderson aliichukua Sanctus kutoka rekodi ile ile, akaiweka katika filamu yake if...., ambamo mwanafunzi mwasi huusikiliza wimbo huo tena na tena chumbani mwake, na ambayo huishia kwa wanafunzi kuwafyatulia watu risasi wakiwa juu ya paa la shule.

Tafakarini hilo, ninyi mnaoimba kila Dominika. Ni rekodi moja na ni watoto wale wale wa Katanga. Katika filamu ya kwanza sauti zao zimembeba Mwana wa Mungu, na katika ya pili zimempamba kijana mwenye bunduki. Wimbo haukubadilika hata kidogo. Wimbo ni kama mtumbwi wa mvuvi wa Mwelu: huvusha samaki, huvusha mgonjwa, huvusha na mali ya wizi, na maji huupokea kwa upole ule ule. Anayetaka kujua kilichomo lazima ainame na kutazama ndani.

Maandiko Matakatifu yalituonya zamani. Katika sura ya tatu ya kitabu cha Danieli, mfalme Nebukadneza hakuwapa watu wake hoja ya kuiabudu sanamu ya dhahabu. Aliwapa muziki. Mara panda, filimbi na kinubi viliposikika, kila mtu alipaswa kuanguka kifudifudi, na umati ukaanguka. Vijana watatu wa Kiyahudi walikuwapo, nao walikuwa na masikio kama wengine. Muziki uliwafikia, lakini magoti yao hayakukunjwa. Mtakatifu Agostino naye, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anajichunguza kwa ukali kuhusu nyakati ambazo uimbaji ulimgusa kuliko kile kilichoimbwa. Zingatieni kwamba alikuwa akizungumzia zaburi, tena kanisani. Ikiwa askofu aliona haja ya kujiuliza swali hilo mbele ya Neno la Mungu, kijana atawezaje kuliruka mbele ya katuni?

Lipo jambo zito zaidi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Anayezoezwa kuutambua wema kwa wimbo unaoutangulia hatautambua pale ambapo hakuna wimbo. Na maisha, wapendwa, hayana wapiga fidla. Isidori Bakanja alipopigwa viboko mwaka 1909 kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria, akamsamehe aliyempiga kabla ya kufa, hakuna kwaya iliyoimba. Anuarite Nengapeta alipouawa Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akitamka msamaha kwa muuaji wake, hapakuwa na mtunzi wa kuwaambia waliokuwapo kwamba walikuwa wakimtazama mwenye heri. Na hapa kwetu, Desemba 2000, vita vilipoifikia Pweto na maelfu ya watu wakakimbilia Zambia, wapo waliobeba wazee wa wengine migongoni na waliogawana unga wa mwisho na wasiowajua. Hakuna wimbo uliopanda pale barabarani. Palikuwa na vumbi, vilio vya watoto na milio ya silaha.

Kijana ambaye moyo wake hufunguka tu kwa ishara ya muziki angepita karibu na matendo hayo yote bila kuyaona. Angempita pia mama anayefagia kanisa alfajiri, na mwalimu wa kijijini anayefundisha bila mshahara. Hao hawana wimbo wa kuwatambulisha. Vilevile Kalvari haikuwa na wimbo, na wengi waliokuwa pale walidhani wanamwona mhalifu.

Basi tufanye nini? Hatuwaambii mzitupe simu zenu ziwani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwataka wanaotumia vyombo vya mawasiliano, hasa vijana, wawe na kiasi na nidhamu, na wajitahidi kuyaelewa kwa undani wanayoyaona na kuyasikia kwa kuyazungumzia na walimu wao na wenye ujuzi. Mababa wa Mtaguso walidai kazi hiyo ya kuelewa. Mzee anayepiga marufuku ameikimbia kazi hiyo, na kijana anayesema "ni muziki tu" ameikimbia pia.

Kazi yenyewe inawezekana katika kikundi chochote chenye simu moja. Chagueni tukio mnalolipenda sana. Litazameni kwanza bila sauti, na kila mmoja aseme kwa sentensi moja kinachotendwa: nani anafanya nini, na nani anaumia. Kisha litazameni kwa sauti, na kila mmoja aseme maoni yake yamebadilika wapi. Mwisho, wekeni wimbo mwingine juu ya picha zile zile, labda wimbo wa mazishi, labda wa harusi. Mtaona kwa macho yenu jinsi shujaa anavyogeuka mwuaji, na mwuaji anavyogeuka kichekesho. Ikiwa baada ya hayo yote tendo linabaki jema, lipendeni pamoja na wimbo wake, kwa furaha na bila hofu. Ikiwa uzuri wake umetoweka pamoja na sauti, mmejua kilichokuwa kikipendwa.

Na ninyi wanakwaya, mnayo kazi ya ziada. Mkijua kwamba wimbo unaweza kumfanya mtu apende asichokielewa, msiridhike na waamini wanaotoka Misani wakisifu sauti ya pili na ngoma mpya, bila mmoja kukumbuka neno lililoimbwa. Kwa maana Nebukadneza naye alikuwa na bendi nzuri.

Wale vijana watatu walitupwa tanuruni kwa sababu walikataa kuamuliwa na muziki. Lakini Biblia yetu inatuambia walichokifanya humo ndani ya moto: waliimba. Waliimba bila panda wala kinubi, wakimsifu Mungu waliyekuwa wamekwisha kumchagua kabla ya wimbo kuanza. Huo ndio mpangilio tunaoutetea. Dhamiri ichague kwanza, kisha sauti ipande juu kadiri iwezavyo.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Ni mhusika gani wa anime unayemtetea? Eleza matendo yake matatu bila kutaja muziki wala sura yake. Je, bado unamtetea?

2. Je, umewahi kufuata sauti ya umati kabla ya kujua kinachotendwa? Ni nini kingekusaidia kusimama?

3. Ni nani katika parokia yetu anayetenda mema kila siku bila kuimbiwa na mtu? Kikundi kimtembelee juma hili.